Penye Kona, Chemba

Asha, aliyeipokea meza yangu pamoja na droo yake isiyofungika, aliniomba nimwandikie sheria za kuunganisha na kutunza mabomba ya majitaka ya nyumba za watu. Alitaka ukurasa mmoja au miwili tu, maana wanasema mimi ninazijua kwa kichwa. Nikakaa siku tatu na kalamu. Kila nilipoanza kifungu, kifungu kilinikumbusha mtu, na mtu akanikumbusha harufu. Basi Asha, na ninyi wenzake mliobaki idarani, pokeeni hivi hivi. Sheria zimo humu, ila zimechanganyika na watu, kama zilivyo kazini.

Mimi ni mtoto wa Tlawi, kijiji cha huko huko Mbulu. Baba alilima mahindi na maharage, akafuga ng'ombe wachache, akanisomesha mpaka nikapata cheti cha ufundi bomba. Barua yangu ya kwanza ya kazi, katikati ya miaka ya themanini, ilisema nitakuwa mkaguzi msaidizi wa majitaka mjini Mbulu. Baba aliisoma, akauliza majitaka ndiyo maji gani. Nikamweleza. Akasema kwamba yeye alichimba choo cha nyuma ya nyumba kwa siku mbili na hakuna mtu aliyemwomba cheti.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Mkude. Alikuwa Mluguru wa Morogoro aliyeletwa Mbulu akiwa kijana, na tangu ashuke kwenye lori alikuwa bado anasikia baridi. Alivaa sweta mbili na koti juu yake, mwaka mzima. Tlawi ilimshinda kutamka, akaiita Talawi mpaka alipostaafu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniuliza kama nina kioo.

Nilidhani ananitania kwa sababu mimi ni msichana. Hata hivyo nilikuwa nacho kidogo kwenye mkoba, nikakitoa, na kabla ya kumpa nikajitazama, nisije nikawa na masizi usoni. Mzee alikichukua, akalala kifudifudi kando ya chemba, yaani kile kisanduku cha matofali chenye mfuniko ambacho bomba hupitia ili mtu aweze kulichungulia na kulizibua. Akaniambia niende kwenye chemba inayofuata, nimulike tochi ndani ya bomba. Nikamulika. Akainamisha kioo, akatazama, akaniita nami nitazame. Ndani ya kioo kulikuwa na duara la mwanga, limetimia.

"Ukiona mwezi mzima, funika," akasema. "Ukiona mwezi mchanga, chimba. Bomba limelegea."

Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya mwezi wa kwanza. Nyumbani Baba aliuliza nimejifunza nini, nikamwambia kuangalia mwezi. Hakuuliza tena.

Mji wakati ule ulikuwa na bomba kuu moja tu la majitaka. Lilikuwa limelazwa zamani kwa ajili ya nyumba za watumishi wa serikali zilizojipanga mstari kwenye mteremko, likashuka hadi kwenye karo kubwa, yaani shimo la kupokea majitaka, chini kabisa. Mbele kidogo ya karo kulikuwa na chemchemi ambako akina mama walichota maji. Kwa hiyo mzaha wetu ulikuwa na mwisho. Karo likifurika, chemchemi ndiyo inayopokea, na baada ya chemchemi ni matumbo ya watoto.

Mzee Mkude hakuwahi kunisomea sheria kutoka kwenye kitabu. Alizisema akiwa ndani ya mtaro. Bomba la nyumba, alisema, lishuke sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja. Ukipunguza, maji yanalala. Ukizidisha, maji yanakimbia na kuacha mzigo nyuma, kama mume anayetangulia kurudi kutoka sokoni. Mtaro usifukiwe kabla mkaguzi hajauona. Maji ya mvua yasiingie kwenye bomba la choo hata kama mwenye nyumba ni askofu. Lakini sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kona. Bomba likikata kona au likikutana na jingine, hapo ijengwe chemba, kwa sababu uchafu ukitaka kukwama hukwama kwenye kona, na usipokuwa na mlango wa kuufikia utabomoa sakafu ya mtu. "Penye kona, chemba," alisema, na aliisema mara nyingi hata nikawa naiota.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya mpaka. Sheria inasema bomba kutoka nyumbani hadi chemba ya muungano ni mali ya mwenye nyumba, naye ndiye mwenye kulitunza na kulizibua. Kuanzia pale ni letu. Hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuikubali kwa hiari. Mke wa ofisa mmoja alitufokea asubuhi nzima kwamba bomba ni la serikali na kuziba kwake ni kwa serikali. Mzee Mkude alipiga magoti kando ya chemba. Alisukuma fito za kuzibulia upande wa nyumba, akazungusha, akavuta, na yakaanza kutoka magunzi ya mahindi, moja baada ya jingine. Akayapanga kwenye nyasi kwa mstari. Yalipotimia kumi na moja akamwuliza yule mama kwa upole kama haya nayo ni ya serikali. Mama aliingia ndani, na baadaye akatuletea uji.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Ninyi mliozaliwa baadaye hamwezi kujua. Kwa miaka mingi tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni, halafu ghafla madukani kukawa na mabomba ya plastiki, saruji ya kuchagua na vyoo vya kukalia vya rangi za ajabu. Watu waliokuwa wanauza vitunguu saumu wakaanza kujenga. Wa kwanza wao mjini kwetu alikuwa Bura, mfanyabiashara mwenye lori na sauti kubwa, aliyejenga gesti yenye vyoo vya ndani. Vyoo vyenyewe vilikuwa vya rangi ya waridi. Jumapili baada ya ibada watu walipita kuviangalia, na Bura alisimama mlangoni akivuta maji ili waone yanavyozunguka.

Bura aliomba kibali cha kujiunga na bomba kuu, nasi tukaukagua mtaro wake ukiwa wazi. Mteremko ulikuwa sawa, chemba zilikuwa mahali pake, mwezi ulikuwa mzima. Nilisaini mwenyewe. Ilikuwa saini yangu ya kwanza bila Mzee Mkude kusimama nyuma yangu, na niliiweka kubwa.

Mvua za masika zilipoanza, nyumba ya Mwalimu Rehema ikafurika. Alikuwa mwalimu mkuu aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, mtu nadhifu sana, akiishi katika nyumba ya chini kabisa kwenye ule mstari. Mvua iliponyesha, majitaka ya mji mzima yalimpandia kupitia choo chake. Tulimkuta amepanga viatu na madaftari ya wanafunzi juu ya meza, naye amekaa juu ya kitanda akisahihisha, miguu imekunjwa. Hakutufokea. Alisema tu kwamba Tanga maji hujaa baharini, hayaji chumbani. Nilitamani atufokee.

Juma lile karo pia lilifurika na kuelekea chemchemi, na watoto wa nyumba mbili wakaanza kuharisha. Mkuu wetu wa idara akaja juu. Alisema bomba limechakaa, na Mzee Mkude, aliyelitunza miaka yote, alilala kazini. Aliamuru lichimbwe lote kuanzia juu hadi chini, na Mzee aandike barua ya kujieleza.

Mzee Mkude aliipokea amri ile. Mimi ndiye niliyekosa raha. Niliporudi nyumbani nilifikiri, nikaona jambo moja. Choo cha Mwalimu Rehema kilikuwa hakifuriki siku za jua. Watu huenda haja jua likiwaka na mvua ikinyesha, kiasi kile kile. Kilichoongezeka siku za mvua kilikuwa ni mvua yenyewe. Kuna paa mahali fulani lililokuwa linamwaga ndani ya bomba letu.

Asubuhi nilimweleza Mzee. Alinitazama kama anayenihesabia miaka, akaniambia nikanunue bluu ya kufulia. Tulikoroga pakiti tatu kwenye ndoo. Paa kubwa kuliko yote lilikuwa la gesti, basi tukaanza huko. Bura hakuwepo, alikuwa ameshuka na lori Yaeda Chini kununua mbuzi, na kwa njia ile hakuna aliyejua atarudi lini. Mkewe akatukaribisha chai. Wakati Mzee anakunywa na kusifia tangawizi, mimi nikamwaga ndoo ndani ya bomba linaloshuka kutoka kwenye gata za paa, nikafuatisha na ndoo mbili za maji safi, kisha nikateremka mbio kwenda kufungua chemba za bomba kuu.

Chemba ya pili ilikuwa inapita maji ya bluu, bluu kama sare za kwaya. Sijawahi kuona majitaka mazuri namna ile.

Nilitaka kuendelea kuzifungua zote ili nijue kama kuna wengine. Nilipofika chemba ya nne, iliyo jirani na nyumba ya Mama Theresia, mjane mshonaji wa sare za shule, Mzee Mkude aliniita kwa haraka nisiyoizoea kwake.

"Hiyo iache, mwanangu. Ina nyuki."

Nikaiacha. Nyuki sina mchezo nao. Na kwa miaka mingi, kwenye ramani niliyojichorea, kando ya chemba ya nne nilikuwa nimeandika: nyuki.

Bura aliporudi nilimpelekea barua ya siku saba, aondoe muungano wa gata zake. Aliisaini bila kuisoma na kunieleza msimamo wake. "Mama, mvua ni ya Mungu, bomba ni la serikali. Mimi mnaniingizaje hapo katikati?" Siku saba zikapita. Kifungu kinasema kwamba baada ya onyo, mkaguzi anaweza kuuziba muungano usioruhusiwa. Nilimwendea Mzee kumwuliza. Aliuliza kama nimeandika barua, nikasema ndiyo. Aliuliza kama Bura amesaini, nikasema amesaini.

"Basi kaweke mpira," akasema, "halafu tusubiri mawingu."

Niliweka kizibo cha mpira pale gata zilipoungana na bomba la choo, nikaacha nakala ya barua mezani kwake. Sikuwa mkatili. Maji ya choo yaliendelea kupita vizuri, ni ya paa tu yaliyokosa njia. Jumapili iliyofuata Bura alikuwa amewaandalia diwani na wanakwaya chakula cha mchana uani. Mawingu yakaja wakati wa pilau. Maji yote ya lile paa kubwa yalishuka, yakagonga mpira wangu, yakarudi juu, yakatokea katikati ya ua. Nasikia viatu vya diwani vilielea hadi jikoni, maana alikuwa amevivua chini ya meza.

Jumatatu Bura alikuja ofisini, akakaa, akazungumza habari za mifugo kwa muda mrefu. Alipoinuka kuondoka akasema ameelewa. Alichimba mtaro wa mvua wa peke yake, mzuri kuliko ule wa ofisi yetu. Mwalimu Rehema akashusha madaftari. Mkuu wa idara hakusema lolote kuhusu ile barua ya kujieleza, nasi hatukumkumbusha. Tangu hapo Bura akawa mkali wa sheria kuliko mimi. Mtu aliyelowana hataki kuona mwingine mkavu.

Mzee Mkude akastaafu. Tulitegemea apande basi siku ile ile, kwa jinsi alivyokuwa akiililia Morogoro na joto lake kila asubuhi kwa miaka yote ile. Hakupanda. Tulipomwuliza alisema baridi imeshamzoea, haitakuwa vizuri kuiacha. Haukupita mwaka akafunga ndoa kanisani na Mama Theresia, mshonaji. Nilikuwa miongoni mwa waliopika. Nilicheza mpaka kisigino kikavunjika, na sikujiuliza chochote. Mkaguzi huyo.

Nami nikahamishiwa Hanang. Kule upepo ni mkali na vumbi linaingia hata kwenye chai. Mji ulikuwa unakua, na kila mtu alitaka choo cha ndani, lakini bomba kuu halikuwepo. Kazi yangu ikawa kukagua makaro ya nyumba moja moja, yasikae karibu na visima na yasifukiwe kabla sijayaona. Kesi yangu ngumu ilikuwa kijijini Gendabi, kwenye bomba la bweni la shule. Mfuniko wa chemba ulivunjika, na kila mtu alijua nani kauvunja, ila hawakukubaliana. Wakulima walisema ni ng'ombe wa wafugaji. Wafugaji walisema ni mkokoteni wa wakulima. Niliamuru kila upande ulete nusu ya mfuniko. Walileta. Moja ilikuwa nene kama tofali, nyingine nyembamba kama chapati. Walizitazama zile nusu mbili zikiwa zimelala pale, wakaona aibu, wakakaa pamoja alasiri nzima kumwaga zege la mfuniko mmoja. Nilipoondoka Hanang, mfuniko ule ulikuwa bado mzima.

Halafu mkoa ukagawanywa. Tukalala tukiwa Arusha, tukaamka tukiwa Manyara. Kwa mwaka mzima karatasi zetu zilikuwa na neno Arusha limekatwa kwa kalamu nyekundu. Mkoa mpya ukataka kujua ulichorithi, hata chini ya ardhi. Ikaja amri kwamba maunganisho yote ya watu binafsi kwenye mabomba ya majitaka yaandikishwe. Lisilo na kibali likatwe, mwenyewe aombe upya, afukue mtaro wake, ukaguliwe ukiwa wazi, ndipo aunganishwe tena. Nikarudishwa Mbulu kuisimamia kazi hiyo, kwa kuwa nililijua lile bomba la zamani.

Nilikata ya watu wengi. Nilikata ya mwenye duka la dawa, nikakata ya shemeji yangu mwenyewe, ambaye mpaka leo ananiita Mama Chemba badala ya jina langu la Yustina. Nilikata pia ya binamu yake Bura. Siku mbili baadaye Bura, sasa mzee mwenye bakora, alikuja ofisini. Nilimwamkia, akaitika, akakaa.

"Sikuja kulalamika," akasema. "Sheria ni sheria, wewe ulinifundisha kwa viatu vya diwani. Nimekuja kuuliza tu. Kwa Mama Theresia choo kinavuta maji miaka mingi, na sijawahi kuona karo pale uani. Yanakwenda wapi?"

Nikamwambia nitaangalia. Alipotoka nilifungua daftari la vibali, kurasa zote. Jina la Mama Theresia halikuwemo.

Nilikwenda peke yangu kwenye chemba ya nne. Niliuinua mfuniko polepole, kitambaa kichwani, tayari kukimbia. Hakukuwa na nyuki. Hakukuwa hata na dalili kwamba nyuki waliwahi kupita mtaa ule. Kulikuwa na bomba la pembeni, lisilokuwa kwenye ramani yoyote, likiingia kwa mkunjo laini kuelekea maji yanakokwenda. Kiungo chake kilikuwa kimepigwa saruji na kusuguliwa hadi kung'aa kama bakuli. Mafundi wa vichochoro huingiza bomba kama wanaochoma mkuki. Hii haikuwa kazi ya kichochoro. Katika wilaya nzima nilimjua mtu mmoja tu aliyesugua saruji namna ile, na ndiye aliyenifundisha kwa nini isuguliwe.

Nilikaa kwenye nyasi. Ikanijia Jumapili moja ya zamani, kabla ya mambo ya gesti, ambapo Mzee Mkude hakuja kanisani. Jumatatu alisema alikuwa na malaria. Malaria, Mbulu, kwenye baridi ile, na kucha zake zimejaa saruji. Nilimpa pole.

Sitawaficha nilichofikiria pale. Kalamu ilikuwa yangu na daftari lilikuwa langu. Ningeandika kwamba muungano ule ni wa zamani, umekutwa, na hakuna ambaye angeuliza zaidi ya Bura. Nilifunika chemba, nikaenda kwao nikiwa natafuta sababu yoyote ya kumwachia. Hata ndogo ingenitosha.

Mzee alikuwa uani anaota jua, na sweta zake mbili. Mama Theresia alikuwa ndani kwenye cherehani, dirisha liko wazi. Nilimwamkia. Alizitazama buti zangu zenye tope.

"Uliwaona nyuki?" akauliza.

"Sikuwaona, Mzee."

"Walihama."

 Cherehani ndani ikanyamaza. Nikamwuliza kama pengine kulikuwa na ruhusa ya mdomo, kutoka kwa mkuu wa zamani, ambaye alikwisha kufariki. Nilikuwa namwekea daraja, yeye avuke tu. Akatikisa kichwa. Alisema hakukuwa na ruhusa yoyote, aliona choo cha shimo cha yule mama kimetitia na mvua ziko mlangoni, na bomba la serikali linapita hatua chache kutoka kwenye ukuta wake.

Mama Theresia akatoka nje, sindano zimebanwa midomoni. Akazitoa moja moja kabla ya kusema. Kumbe Mzee alikuwa amemwambia kwamba serikali imetoa mabomba kwa wajane wote.

"Na mimi nilikwenda kuwaambia wajane wenzangu," akasema. "Wakanicheka jumuiya nzima."

Mzee Mkude aliangalia mikono yake. Nilimwambia sijui nifanye nini. Hapo ndipo alipokasirika, na ni mara moja tu niliyomwona amekasirika maishani. Akaniuliza yule binamu wa Bura nitamweleza nini. Akaniuliza kama nimeacha kusoma vifungu. Kisha sauti ikashuka.

"Kata kesho asubuhi, mwanangu. Na ukate vizuri, usinipasulie bomba."

Nilikata. Nilivaa kofia ili watu wasione macho yangu, lakini mtaa mzima ulikuwa umekuja kutazama, na Bura ameleta kigoda chake. Kwa siku nane wale wazee wawili walitumia choo cha jirani. Mzee alikataa vibarua. Alifukua mtaro mwenyewe, kidogo kidogo, kwa jembe la mkewe, maana fomu inasema mwombaji afukue, naye alikuwa mwombaji. Siku ya tatu Bura aliacha kigoda, akachukua koleo, akaingia mtaroni upande wa pili.  Walichimba mpaka wakakutana.

Nilikuja kukagua. Nilipima mteremko, sentimita mbili na nusu kwa kila mita, nao ulikuwa hivyo hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho baada ya miaka yote. Viungo vilikuwa safi. Halafu nikafika pale ambapo bomba lilipinda kuzunguka pembe ya nyumba. Nilisimama. Nilitazama, nikatazama tena. Ilikuwa elbo tupu, kile kiungo cha kupindia bomba, iliyokuwa imefukiwa kwenye udongo.

"Mzee," nikasema, "hapa pana kona."

"Naiona."

"Chemba iko wapi?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Mzee Mkude aliegemea jembe.

"Ilikuwa Jumapili," akasema. "Misa ilikuwa inakaribia kwisha."

Bura alicheka mpaka akashikiliwa asianguke. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa na fomu mkononi. Niliandika kwamba kazi haijapita, mwombaji ajenge chemba kwenye kona ndipo akaguliwe tena. Nikasaini, nikampa. Aliisoma kwa utulivu, akairudia, kama mzazi anayesoma matokeo ya mwanawe. Kisha akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, na akaniomba nimpishe apime matofali.

Chemba ile ilichukua siku tano, na ndiyo chemba nzuri kuliko zote wilayani. Mkitaka kuwafundisha wapya, wapelekeni wakaione. Ukaguzi wa pili ulipita, bomba likaunganishwa tena. Ikabaki fomu ya kibali, ambayo mkoa ulikuwa umeitengeneza kwa ajili ya watu kama yeye, yenye nafasi moja inayouliza sababu ya kuchelewa kuomba. Wengine waliandika hawakujua sheria. Shemeji yangu aliandika alikuwa safarini, miaka sita. Mzee Mkude alichukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa polepole: Mwenye nyumba alikuwa bado hajanikubali.

Nikagonga muhuri, nikaipeleka mkoani pamoja na nyingine. Ilirudi baada ya majuma matatu. Aliyeikagua alikuwa ameandika pembeni kwamba maelezo hayajajitosheleza, mwenye nyumba athibitishe kwa maandishi.

Niliipeleka. Mama Theresia alikuwa kwenye cherehani, akishona sketi za shule. Nilimweleza wanachotaka. Alivaa miwani, akasoma jibu la mumewe, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona.  Nje, Mzee alikuwa akimweleza mtu habari za baridi. Mama Theresia akainua kalamu ya chokaa ya kuchorea nguo, akaona si yenyewe, akaomba ya kwangu, akaandika chini ya maneno ya Mzee: Ni kweli. Niliyechelewa ni mimi. Akasaini jina lake lote, na la Mkude mwishoni.